Namna ya kuendesha saiti ya ghorofa moja bila mtu kuumia

Mwongozo huu ni wa saiti ndogo: nyumba ya ghorofa moja au mbili, mafundi sita, saidia fundi kumi na wawili, mashine ya zege ya kukodi, na mama lishe anayeleta chai saa nne asubuhi. Saiti kubwa za barabara na madaraja zina maofisa usalama, geti lenye mlinzi na gari la wagonjwa. Hizi zetu za Goba, Kibaha, Kisongo au Nyegezi hazina hata kimoja, na ndizo zilizojaa mitaani. Mtu akianguka huko anabebwa kwa bodaboda, kazi inaendelea mchana huohuo, na hakuna anayeandika popote.

Nauandika kwa ajili ya msimamizi wa saiti, au mwenye nyumba anayejenga kwa fundi wa mtaani. Unafuata mtiririko wa ujenzi wenyewe, kuanzia kiwanja kitupu, kwa sababu ajali nyingi za ujenzi huandaliwa mapema bila mtu kukusudia. Mirunda, yaani miti ya kushikilia zege bichi na ya kujengea jukwaa la kupandia mafundi, inanunuliwa pungufu Jumatatu; slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, inashuka Jumamosi. Anayeanza kufikiria usalama Jumamosi amechelewa.

Hatua ya 1: Awepo mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya. Wengi huichukulia hiyo kama karatasi ya kumwonyesha mkaguzi. Mimi naiona kuwa ndiyo uamuzi mzito kuliko yote utakayofanya pale saiti, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinahitaji mtu wa kusema "subirini kwanza" na akasikilizwa.

Usimteue fundi mkuu ikiwa mmepatana bei ya jumla. Fundi wa namna hiyo akimaliza siku mbili mapema, siku hizo ni faida yake. Ukimpa tena kazi ya kuwaambia watu washuke kwa sababu jukwaa halijakaa sawa, unamtaka achague kati ya mfuko wake na shingo ya kijana wa watu. Tafuta fundi mzoefu anayelipwa kwa siku, anayeheshimika na wenzake, asiyeona haya kusema. Mtambulishe mbele ya wote siku ya kwanza: "Huyu akisema simama, tunasimama, na mimi nikiwemo."

Siku atakayosimamisha kazi kweli, lipa siku ile kama kawaida. Vijana wakikatwa hela kwa sababu ya saa moja iliyotumika kufunga jukwaa upya, hutasikia tena mtu akitoa taarifa ya hatari.

Hatua ya 2: Karatasi na fedha, kabla ya koleo la kwanza

Karatasi ni hizi: kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, michoro iliyopitishwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), usajili wa sehemu ya kazi kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), na usajili wa mwajiri katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF. Weka na bango la saiti linaloonyesha nani anajenga na nani anasimamia. Jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, likaua watu 36, na mjadala uliofuata ulihusu mambo hayahaya: kibali kiliruhusu ghorofa ngapi, na nani alikuwa msimamizi. Kwa nyumba yako ya ghorofa moja, tafsiri yake ni kwamba usiongeze ghorofa ya pili juu ya msingi ambao haukuchorwa kuibeba, hata kama fundi anakuhakikishia kuwa nondo zinatosha.

Fedha ndiyo sehemu inayosahaulika. Kwenye mchanganuo wa gharama weka mstari wa usalama wenye kiasi chake, kama unavyoweka mstari wa saruji. Usipouandika, hela ya usalama itatolewa mfukoni siku ile, na siku ile haitakuwepo. Uandike hivi vitu: viatu vigumu au gambuti kwa kila mtu, kofia ngumu, glovu za mpira kwa wa zege na za kitambaa kizito kwa wa nondo, miwani ya kukatia, barakoa za vumbi, mbao za kutengenezea reli za kuzuia kuanguka, mirunda ya ziada, kisanduku cha huduma ya kwanza, maji safi ya kunywa na ya kunawa, na uzio wa mabati hata kama ni yaliyotumika.

Vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri. Kibarua anayelipwa jioni hawezi kununua gambuti kwa ujira wa siku moja huku nyumbani wanasubiri unga. Ukimwachia mwenyewe atakuja na ndala, nawe utakuwa umeshajua tangu asubuhi kwamba atachomwa na msumari.

Nunua pia daftari moja kubwa. Kila asubuhi liandikwe jina la kila aliyeingia saiti, na kwa mgeni iongezwe simu ya ndugu yake na umri wake. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kisheria kufanya kazi ya hatari, na ujenzi ni kazi ya hatari. Usimpokee, hata akiwa mtoto wa fundi aliyekuja kusaidia wakati wa likizo.

Hatua ya 3: Dakika tano za asubuhi

Kabla ya kugawana vifaa, wakusanyeni watu wote mahali pamoja. Mwakilishi wa usalama aseme kazi ya leo ni ipi na hatari yake iko wapi. Hakuna haja ya hotuba. Maneno ya kutosha ni kama haya:

"Jamani, leo tunapandisha tofali. Winchi iko upande wa barabara, kwa hiyo chini yake hapiti mtu, na mama chai akija mwelekezeni apite nyuma. Jukwaa la upande wa jirani bado halina reli, asipande mtu mpaka niseme. Nani anaumwa? Nani hajalala?"

Maswali mawili ya mwisho usiyaruke. Kijana mwenye homa anaogopa kukosa hela ya siku, atanyamaza na atapanda jukwaani akiwa na kizunguzungu. Akijua kwamba akisema ukweli atapewa kazi ya chini, kukunja ringi za nondo au kumwagilia tofali, kwa malipo yaleyale, atasema.

Vibarua wa saiti ndogo hubadilika kila wiki, na mgeni ndiye aliye hatarini kuliko wote, kwa sababu hajui shimo liko wapi wala waya upi una umeme. Mzungushe saiti nzima kabla hajashika koleo. Siku tatu za kwanza asifanye kazi peke yake.

Hatua ya 4: Mitaro na mashimo

Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu, pengine zaidi ukiwa umelowa. Mtu aliyefukiwa mpaka kifuani hawezi kutanua mbavu avute pumzi, hata kama kichwa kiko nje na watu wanamwona.

Mtaro wa msingi wa kawaida hauna shida kubwa. Shida inaanza pale kina kinapozidi mita 1.2 au hivi, ambapo mtu akiinama kichwa chake kiko chini ya ukingo. Kuanzia hapo, ama ulaze kuta za shimo kwa mteremko, ama uzikinge kwa mbao na mirunda iliyokazwa upande hadi upande. Mchanga wa pwani hauhitaji hata kufika kina hicho, unamomonyoka mapema. Udongo wa mfinyanzi unadanganya: ukikauka unasimama wima kama ukuta, mvua ya usiku mmoja ikiingia kwenye nyufa, asubuhi unakatika kipande kizima.

Udongo uliotolewa ukae angalau mita moja kutoka kwenye ukingo, na lori la kokoto lisisogezwe karibu. Ngazi iwemo shimoni muda wote ambao mtu yumo. Msimu wa masika na wa vuli, hakuna anayeshuka asubuhi kabla mwakilishi wa usalama hajapita ukingoni akitafuta nyufa mpya.

Ukichimba kando ya ukuta wa jirani, chimba vipande vifupi, ujenge na kufukia kimoja kabla ya kufungua kingine. Ukifunua msingi wake wote kwa mpigo, ukuta ule utawalalia waliomo shimoni.

Hatua ya 5: Karo na matangi

Kazi hii ningependa uisome mara mbili, hata kama huna mpango wa kuchimba karo, yaani shimo la maji taka, mwaka huu. Ni shimo ambalo huua watu wawili au watatu kwa mpigo, na wa pili na wa tatu ni wale walioingia kumwokoa wa kwanza.

Karo la zamani, shimo jipya lililochimbwa jirani na karo la zamani, kisima kilichofunikwa muda mrefu, na tangi la maji la chini ya ardhi vyote vinaweza kuwa na hewa mbaya. Karo lina gesi yenye harufu ya mayai viza. Gesi hiyo ikiwa nyingi hulemaza pua, mtu anaacha kuisikia harufu na kudhani imeisha, halafu anaanguka. Tangi jipya la zege lina hatari nyingine ambayo mafundi wengi hawaijui: mbao za boksi, zile zilizoshikilia zege bichi, zikiachwa ndani zikiwa zimelowa huoza na kula oksijeni. Fundi anashuka baada ya wiki tatu kutoa mbao, anaanguka bila kusikia harufu yoyote. Na ukiweka pampu ya petroli ndani ya shimo ili ivute maji, moshi wake unatosha kumuua aliyemo. Pampu na jenereta vikae juu, upande upepo unakokwenda.

Kuna desturi ya kushusha mshumaa au taa ya chemli ili kupima hewa. Iache. Moto utazimika kama oksijeni ni kidogo, lakini hauwezi kukuonyesha gesi ya sumu, na kama kuna gesi inayowaka utalipuka. Kifaa cha kupimia gesi kinapatikana, kikodi. Usipokipata, kazi ya kuingia karo la zamani waachie watu wa magari ya kunyonya maji taka, wafanye kutoka juu.

Kwa tangi jipya au shimo unalolazimika kuingia, fanya hivi. Fungua mifuniko yote mapema, tangu jana yake. Puliza hewa safi ndani kwa feni yenye bomba, na feni iendelee kufanya kazi muda wote. Pima hewa juu, katikati na chini. Anayeshuka avae mkanda wa mwili mzima uliofungwa kamba, na kamba hiyo ishikwe juu na watu wawili kupitia kapi au roda iliyofungwa kwenye mirunda mitatu imara. Hao wa juu wazungumze naye bila kukoma. Asipojibu, wamvute. Hakuna anayeingia kumfuata, awe ndugu yake au baba yake. Sema hili kwa sauti kabla ya kuanza, na kila mmoja aliyepo aitikie, kwa sababu mtu akiona mwenzake ameanguka mita tatu chini, miguu yake itataka kukimbilia ngazi.

Hatua ya 6: Umeme, mashine na saruji

Umeme wa saiti usiwe ule wa waya mbili tupu zilizochomekwa kwenye soketi na kukazwa kwa kijiti. Fundi umeme afunge boksi la muda lenye breka inayokata yenyewe umeme unapovuja, ya miliampea 30. Waya zipite juu ya mirunda, zisilale kwenye maji ya kumwagilia zege.

Angalia juu. Nondo hufika saiti zikiwa na urefu wa mita 12, na vijana wawili wakiisimamisha moja chini ya laini ya msongo wa kilovolti 11 au 33, umeme hauhitaji kuguswa, unaruka. Kama laini inapita juu ya kiwanja au kandokando yake, zungumza na TANESCO kabla ya kuanza, na nondo zibebwe zikiwa zimelala siku zote.

Grenda imeng'oa vidole na macho mengi kuliko inavyosemwa. Kosa linalorudiwa ni kutoa kikinga chake ili kufunga diski kubwa kuliko ukubwa wa mashine. Grenda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, wakati diski ya inchi 9 imetengenezwa kwa mizunguko isiyofikia 7,000. Diski hiyo itapasuka, na vipande vitakwenda usoni kwa aliyeishika. Ukiona grenda haina kikinga, ichukue uifungie stoo.

Zege bichi huunguza. Ni kali kama magadi, na uunguzaji wake ni wa polepole, mtu hasikii maumivu mpaka ngozi imeshaharibika. Majeraha mabaya hupatikana kwenye magoti ya anayesawazisha jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, akiwa amepiga magoti, na miguuni mwa aliyeingiwa na zege ndani ya gambuti akasema atavua jioni. Avue palepale, aoshe kwa maji mengi safi kwa dakika 20, abadilishe suruali.

Vumbi la kukata tofali, zege na marumaru lina chembe zinazobaki kwenye mapafu maisha yote. Lowanisha unapokata.

Hatua ya 7: Jukwaa

Kuanguka kutoka juu ndiko kunakoongoza kwa kuua wajenzi karibu duniani kote, na jukwaa la mirunda la mtaani halihitaji kuwa refu ili liue. Mita mbili na nusu zinatosha.

Likague kwa macho na kwa mikono. Mguu wa mrunda ukae juu ya ubao mpana, usikae juu ya tofali wala mchanga. Mirunda ya kukatiza, ile ya mshazari, iwepo pande zote, maana jukwaa lisilo nayo huanza kupinda upande mmoja. Njia ya kutembelea iwe na mbao tatu kwa upana, na kila ubao upite juu ya mhimili wake na kufungwa, kwa sababu ubao uliozidi upande mmoja humnyanyua mtu akikanyaga ncha. Reli ya juu iwe usawa wa kiuno, nyingine katikati, na ubao wa chini wa sentimita 15 wa kuzuia tofali na nyundo zisidondokee watu. Jukwaa lifungwe kwenye jengo kupitia madirisha.

Halafu uzito. Tofali la inchi 6 lina kilo 25 au zaidi. Tofali 40 zilizorundikwa mahali pamoja ni tani nzima, na saidia fundi anayetaka kupumzika mapema atarundika 40. Ziwekwe chache chache, juu ya miguu ya jukwaa, na zipandishwe kadiri fundi anavyozitumia.

Neno kuhusu mikanda ya usalama, maana wenye nyumba huniuliza. Mkanda unafaa penye urefu. Kamba yake ya mita mbili pamoja na kipunguza mshtuko kinachofunguka huhitaji takriban mita sita za nafasi tupu chini ya mtu ndipo imsimamishe. Kwenye ghorofa ya kwanza, iliyo mita tatu, atafika chini kabla mkanda haujamdaka. Kwa nyumba hizi, hela ya mikanda nunulia mbao za reli.

Hatua ya 8: Siku ya slabu

Hakuna siku kwenye saiti ndogo yenye watu wengi na uzito mkubwa kwa pamoja kama hii. Slabu ya unene wa sentimita 15 ina kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinabeba zaidi ya tani 7 za zege lisilo na nguvu yoyote, na vijana ishirini wanaokimbizana na karai juu yake. Vyote hivyo vimeshikwa na miti.

Siku moja kabla ya kumwaga, chukua tochi uingie chini ya boksi pamoja na kapenta. Pita mrunda kwa mrunda, usikadirie kwa kutazama kutoka mlangoni. Piga teke la wastani kwenye mguu wa kila mmoja: unaocheza haubebi kitu, na mzigo wake umehamia kwa jirani zake. Kabari zikazwe na zipigwe msumari zisirudi. Mrunda uliounganishwa katikati kwa kipande cha ubao na misumari minne utoe, weka mzima. Mrunda uliopinda utoe. Wenye vijitundu vya mchwa utoe. Chini ya kila mguu kuwe na ubao, na kama jamvi halijamwagwa na mirunda imesimama kwenye kifusi, kifusi hicho kiwe kimeshindiliwa, maana maji ya kumwagilia yatakilowanisha. Hakikisha mirunda imefungwa kwa mbao za kulala, kushoto kulia na mbele nyuma, kwa usawa wa kifua. Nafasi kati ya mrunda na mrunda aipange mhandisi kwa maandishi, naye afike mwenyewe aione kabla ya mashine kuwashwa. Asipofika, usimwage. Najua mashine imeshalipiwa na vijana wamekuja tangu alfajiri. Usimwage.

Siku yenyewe, weka mtu mmoja pembeni, nje ya kivuli cha slabu, kazi yake ikiwa kutazama mirunda tu. Apewe filimbi. Akisikia mbao zinalia au akiona mrunda unapinda, apulize, na wote washuke upande wa pili. Asiingie chini kukaza kabari wakati zege linamwagwa, hata kama anaona ni dakika moja. Zege lisirundikwe mahali pamoja, litawanywe linapofika. Njia ya kupandia iwe na reli pande zote mbili na vipande vya ubao vya kuzuia utelezi, kwa sababu baada ya saa mbili itakuwa imejaa uji wa saruji.

Panga watu wa kupokezana. Slabu ikianza saa mbili asubuhi kwa watu pungufu, itafika usiku, na kuanzia saa kumi na mbili jioni mikono imechoka, mwanga ni wa tochi za simu, na ndipo watu hukanyaga pasipo na kitu. Afadhali uongeze vibarua sita asubuhi.

Nondo za nguzo zilizochomoza juu zikunjwe ncha, au zipigiliwe ubao juu yake. Chupa ya plastiki iliyochomekwa kwenye ncha inazuia mchubuko tu, haimzuii mtu anayeziangukia.

Tundu la ngazi na la mabomba lizibwe kwa ubao mzito uliopigwa misumari na kupakwa rangi nyekundu. Ubao usiopigiliwa ni mbaya kuliko tundu lililo wazi: mtu anautaka kwa kazi nyingine, anaunyanyua mbele yake, anapiga hatua moja na kutumbukia.

Kuhusu kutoa mirunda, zege huhesabiwa kufikia nguvu yake kamili siku ya 28. Mhandisi anaweza kuruhusu mapema kidogo kwa vyumba vidogo, lakini aseme yeye, si mwenye mirunda anayetaka kuihamishia saiti nyingine. Anza katikati ya chumba kuelekea kwenye kuta na boriti. Kwa baraza linaloning'inia, anza ncha ya nje kurudi ndani. Misumari ya mbao zilizotolewa ing'olewe au ikunjwe palepale, kabla ubao haujawekwa chini.

Hatua ya 9: Paa

Ngazi isimame mita moja nje kwa kila mita nne za kwenda juu, ipite ukingo wa paa kwa mita moja, na ifungwe kwa kamba. Upepo wa mchana ukianza kunyanyua bati, shukeni, maliza kesho asubuhi. Hakuna anayetembea juu ya bati lisilo na kenchi chini yake.

Hatua ya 10: Jiandae kwa ajali kabla haijatokea

Bandika kwenye ukuta wa stoo, kwa maandishi makubwa: namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, namba ya polisi, 112, namba ya hospitali iliyo karibu yenye chumba cha upasuaji, na maelezo ya kufika saiti ambayo mtu aliyepaniki anaweza kuyasoma kwenye simu. Patana na mwenye gari mmoja wa jirani, siku ya kwanza, kwamba akiitwa atakuja. Ipite njia ya hospitali wewe mwenyewe saa ya foleni.

Watu wawili wajue huduma ya kwanza. Aliyeanguka kutoka juu asinyanyuliwe kwa mabega na miguu. Kichwa, shingo na mgongo vibaki mstari mmoja, abebwe kwenye ubao mpana au mlango. Bodaboda imewaacha wengi wamepooza ambao wangeweza kutembea. Damu inayobubujika ibanwe kwa kitambaa safi na mkono mzito bila kuachia. Nondo au kipande cha mti kilichomchoma mtu kisichomolewe, kikatwe nje na aende nacho. Aliyenaswa na umeme asiguswe kabla swichi haijazimwa. Aliyechomwa na msumari aende kupata sindano ya pepopunda siku hiyohiyo, hata kama tundu ni dogo.

Jengo au jukwaa likianguka, usiwaache watu wapande juu ya kifusi kwa papara, maana uzito wao unawakandamiza waliomo. Soma daftari la asubuhi, uhesabu waliotoka na ujue nani amebaki, na alikuwa upande gani. Jengo la Kariakoo lilipoanguka tarehe 16 Novemba 2024, makumi ya watu walitolewa wakiwa hai, na kazi ya uokoaji ilichukua siku kadhaa. Waokoaji wakifika, daftari ndilo kitu cha kwanza cha kuwakabidhi.

Mahali palipotokea ajali pazungushiwe kamba, papigwe picha, pasiguswe mpaka taarifa ifike OSHA. Mwajiri ana siku 7 za kutoa taarifa WCF, na madai ya fidia yafunguliwe ndani ya miezi 12. Majeruhi au ndugu yake apewe nakala za vitu vinne: taarifa ya ajali, ukurasa wa daftari wa siku ile, karatasi za hospitali, na ushahidi wa malipo yake, hata kama ni ujumbe wa simu wa kutumiwa hela.